Mkandaji wa Unga na wa Misuli

Jumapili, tarehe 7 Juni

Nimepoteza mkoba wa huduma ya kwanza. Jana, wakati wa mapumziko, tukiwa nyuma mabao mawili. Haukuibwa, wala sikuusahau kwenye benchi. Nimenyang'anywa mchana kweupe, mbele ya timu nzima na mwamuzi, akakabidhiwa shemeji yangu!

Mechi yenyewe haikuniuma. Tulikuwa tumeshafuzu nusu fainali. Kilichoniuma ni mkoba.

Niandike kwa utaratibu nisijichanganye. Mimi ni mwokaji mikate. Bekari hii nimeianza na trei moja ya kuazima, tanuri nikalijenga mwenyewe tofali kwa tofali, hakuna baba wala mjomba aliyenishika mkono. Na kwa misimu minne nimekuwa mkandaji wa timu ya wakongwe wa mtaa wetu, watu wazima wenye vitambi wanaojidai vijana kila Jumamosi jioni. Sikuomba kazi hiyo. Kepteni, ambaye siku nyingine zote ni fundi cherehani, aliingia kununua mkate, akaniona nimezama kwenye donge la unga mpaka viwiko, akasema mikono hiyo inapotea bure. Nikaona ana akili. Kukanda ni kukanda. Anayekanda kilo arobaini kabla ya jua kuchomoza atashindwaje na paja la mtu mmoja?

Tangu siku hiyo wakaniita Dokta. Watoto wa mtaa pia. Hata mke wangu, akiwa na shida yake.

Sasa shemeji, mdogo wake mke wangu, muuguzi wa zahanati, karudi kutoka mafunzo ya majeraha ya michezo. Ana cheti cha viungo. Nilipokisikia nikamuuliza amesomea iliki au mdalasini. Hakucheka hata mmoja. Kepteni akanishika bega, akaniambia nisimwelewe vibaya, nipumzike kidogo, timu inakwenda na wakati. Halafu akamgeukia yeye akamwita Dokta. Jina lilelile! Hata hakumeza mate katikati.

Nimemwaga unga. Mimi, ambaye sijawahi kumwaga hata kijiko.

Mchana kutwa nimekaa kwenye ngazi ya bekari. Jumapili tanuri hupoa polepole, na joto lake hutoka mlangoni taratibu kama mtu anayetembea bila viatu. Nikafumba macho. Nikajiona benchi, mkoba magotini, taulo jeupe begani. Mtu anaanguka kule mbali. Mwamuzi ananiita kwa mkono. Nakimbia, nakimbia, nyasi hazitoi sauti, uwanja mzima umenyamaza kunitazama. Katika watu wote wasio na jezi, ni mimi peke yangu ninayeruhusiwa kuuvuka ule mstari mweupe.

Utotoni hawakunichagua hata mara moja. Mstari huo nimeutazama kwa nje muda mrefu sana.

Mkoba utarudi. Nimeapa.


Jumatatu, tarehe 8 Juni

Nimepiga hesabu. Msimu uliopita nilikanda majeruhi kumi na mmoja. Waliopona: kumi na mmoja. Mia kwa mia! Nikaziweka takwimu mezani wakati wa chai ya asubuhi. Shemeji, aliyepitia kumsalimia dada yake, akasema wangepona nusu ya muda huo kama ningewaacha. Mke wangu akageukia sinki, mabega yanamtikisika. Alisema anakohoa.

Mkakati: kuonyesha ubora. Nipate mgonjwa mmoja tu, wa kwangu, nimponye hadharani.

Jioni nikaenda mazoezini nikakaa upande wa pili wa uwanja, kama mpita njia. Shemeji ana filimbi. Anawakimbiza polepole kuzunguka uwanja, anawainulisha magoti, anawachuchumaza nusu, anawazungusha mikono. Watu wenye wajukuu wanaruka kama panzi! Kipa, dereva mstaafu mwenye mwili wa kabati, akamwomba apunguze mwendo maana gari limezeeka. Shemeji akamjibu kwamba gari likizeeka ndiyo huungurumishwa kwanza kabla ya kuondoka. Wakacheka. Mbona utani wangu hawaucheki?

Hapo bahati ikanidondokea. Tarishi akachelewa. Huyu ndiye mshambuliaji wetu, kazini anapeleka barua ofisi hadi ofisi, miguu yake ni mali ya timu. Akaingia moja kwa moja uwanjani, hakupasha hata kidole, mpira wa kwanza tu akakanyaga vibaya. Kifundo cha mguu kikateguka. Na shemeji alikuwa ameshaondoka kuwahi zamu ya jioni!

Nikambeba mgongoni mpaka bekari. Njiani akawa anauliza nampeleka wapi. Nikamwambia, penye mikono.

Nilimkanda vizuri mno. Kidole gumba, kiganja, geuza, kunja, sukuma. Akipiga kelele nakanda taratibu, akinyamaza naongeza. Kisha nikamloweka mguu kwenye maji ya moto, nikauzungushia vitambaa vya uvuguvugu ninavyofunikia unga, nikauegesha karibu na mlango wa tanuri. Jua la machweo lilikuwa linaingia dirishani kupitia vumbi la unga, hewa yote imekuwa ya dhahabu. Tukakitazama kifundo wote wawili.

Kikaanza kuumuka. Polepole, mviringo, laini. Sijawahi kuona kazi yangu ikijibu haraka hivyo. Kwa mwokaji, kinachoumuka kina uhai. Nikakipigapiga kwa ncha za vidole, ngozi ikarudi juu yenyewe. Safi kabisa.

Tarishi akasema hausikii mguu. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya kupona.


Jumanne, tarehe 9 Juni

Shemeji amekuja bekari asubuhi akiwa bado na sare ya kazi. Kaukagua mguu wa Tarishi, aliyelala hapahapa, mguu ambao sasa una ukubwa wa mkate wa kilo. Akaniuliza, kwa ile sauti ya upole inayoudhi kuliko matusi, nikitaka unga wangu uumuke nauweka wapi. Nikasema penye joto. Na nisipotaka uumuke? Penye baridi. Akanitazama. Akaendelea kunitazama.

Nikamjibu kwamba hilo ni swali la unga.

Akanieleza kama anavyoeleza ndugu wa mgonjwa. Ndani ya mguu ulioteguka kuna damu na maji vinavyovuja. Joto linafungua njia, kukanda kunazidisha mvujo. Kwa siku za mwanzo mguu haukandwi, hauchomwi kwa maji ya moto. Unapumzishwa, unawekewa barafu iliyofungwa kwa taulo ili isiunguze ngozi, robo saa au zaidi kidogo kisha inaondolewa, halafu tena baadaye. Unafungwa bendeji, isibane mpaka vidole vife ganzi. Unainuliwa juu ya mto. Hapa akachukua gunia langu la unga bila ruhusa, akauweka mguu juu yake. Akamwandikia aende kupigwa picha ya mfupa, asije akawa amevunjika.

Hajavunjika. Lakini nusu fainali hachezi. Na fainali, tukifika, itakuwa majaliwa.

Habari imezunguka mtaa mzima kabla mikate haijapoa. Kipa akaja na uso wa msiba, akauliza kile kifundo kitauzwa kizima au kitakatwa slesi. Nikamuuzia mkate wa jana.

Kepteni hajanisalimia. Amepita na mashine yake ya kushonea begani, anatazama mbele kama basi lisilo na kituo hapa. Hilo limeniingia. Nilifikiri atanitukana, nikaandaa majibu matatu. Yote nimebaki nayo.


Alhamisi, tarehe 11 Juni

Nimelipata!

Jana sikuandika. Nilikuwa na huzuni, na huzuni inafanya mikate kuwa mizito. Lakini leo mchana Kepteni na shemeji walisimama mbele ya dirisha langu wakiongea, nami nikawa nafuta trei iliyokwisha kufutwa. Shemeji anasema majeruhi wengi wa umri ule wanaumia kwa sababu wanaingia uwanjani wakiwa baridi. Msuli wa baridi unachanika. Tarishi ndiye mfano. Akasema neno ambalo nimelirudia mpaka sasa midomo imekauka: dawa ni kupasha misuli moto.

Kupasha misuli moto!

Na hapa mtaani nani mwenye moto? Yeye ana filimbi. Mimi nina tanuri.

Ndiyo maana nasema elimu ya wiki mbili ina mashimo. Anawakimbiza kuzunguka uwanja mpaka watoke jasho, anawachosha kabla ya mechi, ili apate joto ambalo mimi ninalo bure, limejaa chumba kizima, halijawahi kukimbia hata hatua moja. Nimepima. Pembeni ya tanuri langu, baada ya mzigo wa mchana, unga huumuka katika nusu ya muda unaochukua kule dukani mbele. Hesabu ni ileile kwa nyama. Joto mara mbili, uchovu sifuri.

Nikamfuata Kepteni kwenye cherehani yake. Nikamwambia nataka kufuta kosa la Tarishi. Jumamosi kabla ya mechi, wachezaji wote wapite bekari, nina mkate wa moto kwa ajili yao. Kuhusu misuli sikutamka lolote. Akaninyooshea uzi nimtungie sindano, macho yake hayaoni karibu siku hizi. Nikatunga. Akasema sawa, lakini muda mfupi tu, maana Dokta anawangoja uwanjani.

Dokta. Nikakaribia kumchoma na ile sindano.

Jioni hii nimefagia. Nimepanga magunia duara kulizunguka tanuri, kumi na matatu, moja kwa kila mchezaji aliyebaki mzima. Nimelala kwenye moja kulijaribu. Dari langu lina madoa ya moshi ambayo sikuwahi kuyatazama. Kuna moja lenye umbo la mtu anakimbia. Nikaanza kulifuata kwa macho, likavuka boriti, likavuka mstari, na watu wakashangilia kwa sauti ndogo sana, kama maji yanayokaribia kuchemka.


Jumamosi, tarehe 13 Juni

Naandika nikiwa nimelala chali. Nitaeleza kwa nini.

Walikuja. Wote kumi na watatu, jezi zimepigwa pasi, soksi zimepandishwa. Wakapewa mkate wa moto, wakakaa kwenye magunia. Nikafunga dirisha. Nikafunga mlango. Nikawaambia wanyooshe miguu kuelekea tanuri, waache joto lifanye kazi, wasisumbuke. Kipa akasema kama ndiyo haya mazoezi, yeye angeanza mpira tangu yuko tumboni.

Dakika za mwanzo walitaniana. Kisha maneno yakawa machache. Mmoja akasema tu, mmh. Mwingine akamjibu, mmh. Jua limeshuka mpaka usawa wa meza, mwanga umelala juu ya magoti yao. Kuni zinapumua. Harufu ya mkate imekaa juu yetu kama shuka. Nikaona vichwa vinaanza kuinama, kimoja baada ya kingine, na vitambi vinapanda na kushuka pamoja, na nikafikiri sijawahi kuwa na mzigo mzuri kama huu. Nikawafunika kwa vile vitambaa vya uvuguvugu. Nilitembea kwa ncha za vidole katikati yao. Kepteni alikuwa anatabasamu usingizini, mkono wake unashona hewa. Nikakaa kidogo tu, niwalinde.

Filimbi!

Shemeji mlangoni, macho yamemtoka. Ameuliza kama wamekufa. Nikasema wamepashwa moto. Akasema mwamuzi ameshatoa saa yake na wapinzani wanadai ushindi wa mezani. Sijui nilisinzia muda gani. Mkate ule ulikuwa mgumu tayari mkononi mwa Kipa.

Walikimbia barabarani wakiwa na unga mgongoni, viraka vyeupe vilivyoyumba kama kundi la mbuzi. Wakafika mwamuzi akiwa anaweka filimbi mdomoni kuvunja mechi. Wakaingia hivyohivyo. Kipindi cha kwanza chote kilichezwa usingizini. Beki wetu mmoja alirusha mpira wa kurusha akampa mwamuzi, akamshukuru. Kipa alifungwa bao la pili akipiga miayo, mikono juu, na kwa sekunde moja mashabiki walidhani anaruka.

Lakini niandike hili kwa herufi kubwa moyoni: majeruhi, hakuna. Msuli hauchaniki usipotumika. Nikamwambia mke wangu, aliyekuwa karibu yangu nje ya mstari. Akasogea pembeni.

Mapumziko, shemeji akawakusanya. Akawamwagia maji usoni. Akawatembeza, kisha mchakamchaka, kisha magoti juu, mbio fupi za kwenda na kurudi, huku anawaimbisha hesabu kwa sauti. Wakafunguka macho. Waliporudi uwanjani niliona watu wengine kabisa. Bao. Bao la pili. Halafu la tatu, dakika za mwisho, kwa kichwa cha Kepteni!

Nadai theluthi mbili ya ushindi huo. Mtu aliyelala vizuri hucheza vizuri kipindi cha pili. Hesabu iko wazi.

Kepteni alipotua baada ya kupiga kile kichwa, akaanguka akishika shavu la mguu. Misuli imembana. Mwamuzi akainua mkono kuita benchi.

Mkono ule ulikuwa umegeukia upande wangu. Nitaapa mahakamani. Shemeji akachomoka na mkoba kutoka benchi. Mimi nikachomoka kutoka nje ya mstari. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe tangu mwanzo wa mechi, sijanyoosha hata shingo, lakini nilikimbia. Uwanja ukanyamaza. Nyasi hazikutoa sauti. Nikaona namzidi shemeji, nikaona Kepteni ananitazama, nikauvuka ule mstari mweupe mimi hapa.

Nyuma ya paja pakapiga tap! Kama ganda la mkate linapovunjwa.

Nikaenda chini kifudifudi. Shemeji akapita pembeni yangu. Alisimama nusu pumzi, akanitazama, akaniambia nisiinuke, nisijikande, kisha akaenda kwa Kepteni. Akamnyoosha mguu, akamsukumia vidole kuelekea gotini polepole, akampa maji. Kepteni akainuka, akacheza. Mimi nikatolewa juu ya ubao wa kupangia mikate ulioletwa mbio kutoka bekari, wabebaji wanne, na Kipa kutoka golini akipiga kelele kwamba huyu bado mbichi, mrudisheni ndani.


Jumapili, tarehe 14 Juni

Msuli wa nyuma ya paja umechanika kidogo. Shemeji amesema kidogo. Asingekuwa shemeji angesema sana.

Nimelazwa chumba cha nyuma cha bekari, kwa ombi langu, nisikie kazi inavyokwenda. Mguu uko juu ya mito. Barafu ndani ya taulo, chini ya paja. Inaondolewa, inarudishwa. Kati ya kuondolewa na kurudishwa nasinzia. Huko nje unga unakandwa na ninajua kila mlio wake. Hiki ni kiganja. Hii ni ngumi. Huku ni kugeuza. Lakini mkandaji ni mke wangu, na wateja wawili nimewasikia kwa masikio yangu wakisema mkate wa leo ni laini, umebadilisha hamira? Akasema, nimebadilisha mwokaji.

Nimezingirwa hata ndani ya ndoa yangu.

Kepteni amekuja kunitazama. Nilikuwa nimeyaandaa tena yale majibu matatu. Akakaa kwenye gunia, akasema pole ndugu yangu, umetutia aibu lakini umetupa kicheko cha mwaka. Nikamuuliza mkoba. Akasema tutaona. Nikamuuliza tena. Akasema mwenzangu, pona kwanza. Mtu anayeshona suruali za watu kwa sentimita, ukimuuliza jambo moja anakupa mita tatu za kitambaa kisicho na mwanzo!

Jioni shemeji akaja kubadilisha bendeji. Mikono yake myepesi. Akafanya kazi, mimi natazama dirisha. Halafu akasema shemeji, nikuambie kitu, usinirukie. Akasema Jumamosi kwenye fainali anahitaji mtu wa kukaa naye benchi. Wachezaji wamenizoea, wanapumua vizuri wakiniona. Na mikono yangu si mibaya. Siku za mwanzo zikipita, uvimbe ukishuka, kuna misuli inayohitaji mkono wa taratibu, na atanifundisha lini, wapi, kwa nguvu gani. Kwa sasa nianze na ndoo ya barafu na chupa za maji.

Nilitazama dirisha zaidi. Vumbi la unga linaingia machoni, mtu hawezi kufanya lolote.

Kisha nikafikiri: mbeba ndoo! Niliyejenga tanuri kwa mikono hii, nikae benchi moja na mkoba wangu mwenyewe ukiwa kwenye paja la mwingine, mimi napitisha maji kama mhudumu wa harusi? Nikamwambia nitafikiria. Akasema fikiria, lakini usifikirie sana, maana ukifikiria sana tunaumia wengi. Akaondoka akicheka. Mke wangu naye akacheka. Ni ukoo mzima.


Jumanne, tarehe 16 Juni

Paja halijavimba.

Nimelipima kwa uzi niliomwomba Kepteni. Paja bovu na paja zima, tofauti ni upana wa kucha. Na sikukandwa, na sikuchomwa. Ni barafu tu. Mimi ni mtu wa haki, ushahidi ukija naupokea. Barafu ni dawa. Naandika na kutia sahihi.

Leo nimelala mchana wote nikiitazama ikiyeyuka kwenye beseni. Kuna ufa mweupe katikati ya bonge moja, ukiutazama sana unaingia ndani yake. Niliingia. Kulikuwa na uwanja huko, wa bluu, umenyooka, hauna shimo hata moja. Wachezaji wetu wanateleza juu yake bila kugusana. Wanaanguka taratibu na kuinuka taratibu, na kila anayeanguka anainuka mzima. Tarishi yumo, kifundo chake chembamba kama cha msichana. Nikamsikia mtu akiniita kwa lile jina langu. Nikaamka maji yamejaa sakafuni.

Lakini nimeamka na wazo. Limekuja lote, limeokwa pande zote mbili.

Shemeji anaweka barafu baada ya mtu kuumia. Inazuia uvimbe. Vizuri. Lakini mwenyewe anasema kila siku, kinga kwanza. Sasa kama barafu inazuia uvimbe baada ya jeraha, kwa nini isubiri jeraha? Iwekwe kabla! Msuli uingie uwanjani umeshatibiwa. Ukiumia, dawa iko ndani tayari, inamngoja adui mlangoni. Nimelizungusha wazo hili kichwani kutafuta kasoro na sijaiona. Nashangaa dunia nzima imelipitaje.

Hesabu: mapipa mawili makubwa, miguu ishirini na minane, kwa maana Tarishi nitamrudisha. Miguu minne kwa kila pipa kwa zamu, robo saa kila zamu. Nimemtumia ujumbe mwenye ghala la barafu. Akauliza ni samaki wa aina gani. Nikamwambia wakongwe.


Alhamisi, tarehe 18 Juni

Barafu imeagizwa, italetwa Jumamosi mchana nyuma ya uwanja. Nimekwenda mwenyewe kuhakikisha, kwa gongo. Shemeji alinikuta njiani akanirudisha ndani, akasema ninatakiwa kutembea kidogo kidogo, nisifanye safari. Hakuniuliza nilikuwa natoka wapi. Hajui kitu! Jana alikuja kusikia jibu langu kuhusu ile nafasi ya benchi. Nikamwambia jibu litakwenda kwa mkuu wake.

Tarishi ameanza kukanyaga. Shemeji anamsimamisha kwa mguu mmoja akiwa ameshika kiti, anamnyanyua kisigino, anamteremsha. Anasema huenda akacheza dakika za mwisho. Nimemnong'oneza Tarishi kwamba Jumamosi namwandalia jambo, ataingia tangu mwanzo. Akarudisha mguu wake chini ya kiti.

Barua imekwenda kwa Kepteni leo jioni. Mke wangu alikataa kuipeleka, nimempa Kipa, ambaye aliisoma njiani na nimemsikia akicheka mpaka kona ya pili. Nakala naiweka hapa.

"Kepteni, ndugu yangu. Wiki iliyopita niliipasha timu moto mkashinda. Jumamosi nitawapoza, na mtashinda zaidi. Maandalizi nimekwisha kuyafanya, sitayaeleza hapa kwa sababu za kiusalama. Ninachotaka kwako ni kimoja. Mkoba ni wangu au si wangu? Usiniambie tutaona. Usiniambie pona kwanza. Usije na pole, usije na kicheko, usimtume shemeji. Benchi linatosha watu wawili, nimelipima, lakini mkoba una mkanda mmoja. Nataka ndiyo au hapana, kwa mdomo wako, mlangoni kwangu, kesho Ijumaa saa kumi na moja jioni, isipite hata dakika."